Hoteli Yangu ya Vioo Pale Marani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi ambao sauti zimetukauka kwa kulia! Mimi ni Mama Moraa, mjane. Wengi wenu mmepita mbele ya hoteli yangu pale sokoni Marani. Nasema mmepita, kwa sababu kwa muda mrefu hilo ndilo mlilofanya. Chekeni tu, leo naweza kuvumilia.

Nilikuwa mpishi katika hoteli za Nairobi tangu binti yangu Moraa akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mikono ilikuwa jikoni lakini macho yalikuwa ukumbini, nikijifunza. Nikajiambia, siku moja nitajenga yangu nyumbani. Marehemu mume wangu aliniachia ploti kando ya barabara, na nilipokwisha kumzika sikuwa na kitu kingine duniani ila ploti ile na ndoto ile.

Nikaichora mwenyewe kwa mkaa juu ya simiti. Ukuta wa mbele wote vioo, ili anayepita awaone wanaokula naye atamani. Meza ndefu katikati, watu watazamane wazungumze kama ndugu. Jikoni wazi, mteja anione nikikoroga sufuria. Sinki ya kunawa mikono nikaiweka katikati ya ukumbi, vigae vyeupe, inang'aa! Mlango mmoja mkubwa, wa mbele. Mchungaji akaja akaiombea, watu wakasema, ee, sasa Marani tumefika. Lakini hawakuingia.

Jamani! Siku za soko niliamka kabla ya jogoo. Ugali, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, kuku wa kienyeji, ndizi za kupika, chai iliyoiva. Mtu anafika mlangoni, anaingiza kichwa, anatazama ukumbi mzima, anasema, "Nitarudi, mama." Kisha namwona akivuka barabara kwenda kula mandazi katika kibanda cha mabati kilichojaa moshi! Hata waliokwisha kuagiza, niliwaona wakiinuka ghafla, sahani ingali na mvuke, wanatoka bila neno. Nilionja chakula nikaona kiko sawa. Nikaonja tena, nikaanza kutouamini ulimi wangu mwenyewe. Nikabadilisha mafuta, nikabadilisha nyama, nikapaka kuta rangi upya. Wapi!

Wahudumu wangu wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu. Chakula nikawa nawagawia majirani, baadaye mbwa. Ndugu zangu, mnajua uchungu wa kupika chakula kizuri kisha ukakimwaga kwa mikono yako? Mimi naujua.

Wengine wakaninong'oneza kwamba nimerogwa, na nyumba ya mwenye kuniroga wakanionyesha kwa kidole. Nilikataa kwa mdomo, mimi ni mtu wa Sabato. Lakini woga ukaniingia. Nikawa nafagia kizingiti nikitafuta kitu nisichokijua. Nikafunga, nikaomba. Nikamuuliza Mungu, "Kama hukutaka, mbona uliniacha nijenge?" Hakujibu. Nasema kweli mbele ya madhabahu: nilikata tamaa. Nilikuwa naketi peke yangu kwenye meza ile ndefu, vioo vikinianika kwa kila apitaye, natamani ardhi inimeze. Kuna siku sikuwasha jiko kabisa. Hakuna aliyeuliza.

Na kilichonivunja mgongo ni hiki. Mkwe wangu, mume wa Moraa, ni mtu wa Kiogoro, na huleta ndizi soko la Marani. Kila alipopita mbele ya vioo vyangu aligeuza uso upande wa pili. Nikasema, basi. Kama hata aliyemwoa mtoto wangu ananipita kama kaburi, nimebaki na nani?

Siku moja mvua ya alasiri ikamwagika, ile yetu isiyobisha hodi. Nikamwona mkwe wangu ng'ambo ya barabara, amejibanza mlangoni pa duka lililofungwa, maji yanamchuruzika. Moraa alikuwa amekuja naye, na yeye akakimbilia kwangu. Nikamlipukia mwanangu.

"Mume wako anakufa kwa baridi pale! Ananichukia kiasi hicho?"

Moraa akashangaa. "Mama! Ataingiaje? Akae wapi usimwone? Atafune nyama mbele ya mama mkwe?"

"Hii ni hoteli, si nyumba."

"Mdomo si ni uleule, Mama?"

Nikauliza, "Na hao wengine? Wao si wakwe zangu."

"Si wakwe zako, lakini ni wakwe wao kwa wao. Marani hii, nani hajaoa kwa nani?"

Bwana asifiwe! Nikavuta kiti nikakaa. Chinsoni, ndugu zangu! Heshima yetu ileile tuliyolelewa nayo, kwamba mtu hali mbele ya wakwe zake wala haketi nao uso kwa uso. Mimi mwenyewe sijawahi kumpa mkwe wangu mkono! Ila nilidhani hayo ni mambo ya boma. Nairobi mtu hula mbele ya watu asiowajua, anafuta mdomo, anaondoka. Hapa kila aliyeingiza kichwa mlangoni alikuwa akitafuta kwanza ni nani aliye ndani, na aliyekwisha kuketi akimwona mama mkwe anaingia, hana pa kujificha wala mlango wa kutokea.

Nikaikata meza ile ndefu ikawa meza ndogondogo. Nikaweka vizuizi vya mbao vinavyopita kichwa cha mtu aliyeketi, kila meza ikawa na faragha yake. Vioo nikavipaka rangi hadi juu ya macho. Sinki ikahamia kona. Jikoni nikajenga ukuta wenye kidirisha, na mlango wa pili ukatobolewa upande wa uchochoro. Nililia nikivunja vigae vyangu, nisiwadanganye. Nilivipenda.

Siku ya soko nikiwa jikoni, nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Moraa, aliyekuja kunisaidia, akafika kidirishani. "Ugali na kuku, Mama. Wa watu wawili." Sikuuliza. Nikapakua. Nikasikia maji ya kunawa, kisha sauti ya mwanamume akiombea chakula, taratibu, akasema, "Bwana, mbariki mama aliyekipika." Nami upande wangu wa ukuta nikajifunika uso kwa aproni. Miezi yote ile nilidhani nimechukiwa, kumbe nilikuwa naheshimiwa!

Ndugu zangu, sijaja kujivuna. Bado kuna siku ambazo ukumbi ni mtupu, na ile hofu hunirudia, naogopa sana. Lakini wewe unayesema Mungu amekunyamazia, usifunge mlango leo. Mwamini hata kabla hujaelewa. Mimi namshukuru kwa mvua ile, na kwa mdomo wa Moraa. Na sahani za siku ile, ndugu zangu, zilirudi mifupa mitupu! Jina lake lisifiwe!