Kwaya ya Wauza Samaki na Mikono ya Mzee Tak Hyeong-man

Ndugu, majirani na wanamuziki mliofika, familia imenituma niwasomee maisha ya babu yetu, Mzee Tak Hyeong-man, aliyezaliwa hapa Mokpo tarehe 9 Machi 1941, mtoto wa nne wa Mzee Tak Pil-seong, mkausha samaki, na Mama Geum Yeon-i, aliyesimulia hadi uzeeni kwamba mtoto huyu aliwaongoza ndugu zake kwa kijiti cha kulia chakula hata walipokuwa wakigombania supu.

Alisoma shule ya msingi mjini hapa, akajifunza kinanda kanisani, akahitimu muziki Seoul mwaka 1964, na mwaka 1966 akaenda Vienna kusomea uongozi wa okestra. Alianza kazi kama msaidizi katika jumba dogo la opera nchini Ujerumani, na tarehe 3 Februari 1971, kiongozi mkuu wa okestra alipougua ghafla, babu akaingia mahali pake bila mazoezi, akaanzisha muziki kabla mwimbaji hajafika jukwaani, maskini akaimba akiwa bado kwenye ngazi, na watu wakashangilia wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Baada ya hapo aliitwa Milano, Tokyo, New York na Buenos Aires, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tarehe 20 Mei 1973 alifunga ndoa na bibi yetu, Maeng Sun-ok, mpiga fidla kutoka Busan, mtu pekee katika okestra nzima aliyethubutu kumwambia, "Punguza madaha, mikono yako inatuchanganya." Walijaliwa watoto wawili, Ji-won na Eun-gyo, na wajukuu watatu.

Mwaka 2008 alirudi Mokpo, akaanzisha kwaya ya wauza samaki, nami nikiwamo, na hamu yake kubwa ikawa tuimbe wimbo mmoja hadi mwisho bila kumtazama yeye. Kila Jumamosi alishuka jukwaani katikati ya wimbo akaelekea nje, na kila Jumamosi wimbo ulikufa kabla hajafika mlangoni. Mama Bong-rye, muuza ngisi, alikuwa akimpigia kelele, "Mwalimu, rudi! Kumbe huko Ulaya ulikuwa unalipwa kwa kutoroka?" naye akimjibu, "Wewe mama, sokoni unasikia bei ya mwenzako wa meza ya mwisho, hapa unashindwa kumsikia aliye begani pako?"

Mwezi Juni 2023 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa, na tulipokwenda kumwona alituomba jambo moja tu, kwamba siku ya maziko yake asisimame mtu yeyote mbele ya kwaya. Alifariki tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi, bibi akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wali na supu, wanamuziki wenzake waliosafiri kutoka mbali, na wauza samaki waliofunika meza zao leo wakaja kujipanga hapa. Jukwaa lake liko mbele yetu, halina mtu.

Shusha mikono sasa, Babu, upumzike kwa amani, na ukifika mlangoni usigeuke, maana leo tunafika mwisho.