Mpira Uliojifunza Adabu za Mrija

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunza mabomba ya shule yetu hapa Tororo, Bwana Patroba Okochi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba 1968. Nimepewa kuandika haya kwa sababu naandika Kiswahili na Kiingereza. Kusema kweli, mbele yake mimi huishia kwenye “Habari, Mzee” tu.

Alitoka Busia wakati shule bado inachota maji kisimani, akachimba mitaro na kuvuta bomba hadi mabwenini. Palipoziba, yeye hugonga bomba kwa spana, husikiliza, kisha huonyesha mahali penyewe kwa kidole. Nami niliwahi kugonga. Nilisikia bomba.

Muhula huu shule ililetewa mashine ya kuosha vyombo, na Mzee akaomba kuiunganisha iwe kazi yake ya mwisho. Mpira wa kutoa maji machafu aliuingiza kwenye bomba la sinki, akaulaza sakafuni, maana maji aliyoyajua maisha yake yote huteremka. Mama Benedeta, mpishi wetu, alipomwaga maji ya sufuria kwenye sinki, yaliteremka kweli: yakaingia mashineni. Sahani zikatoka na maharagwe.

“Okochi! Mashine yako nakula kushinda watoto!”

Jiko zima lilicheka, yeye hakucheka. “Mimi hapana kwenda nyumbani nikiacha kitu natapika.”

Akachuchumaa, akautazama ule mpira kama mtu anayemkumbuka ndugu. Kisha akauliza habari za malwa, pombe ya ulezi ambayo wazee huinywa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja: “Benedeta, kwa malwa, ukipumzika kunywa, mrija naweka namna gani?”

“Juu, Mzee! Ukilaza chini, pombe nafuata yenyewe, namwagika yote. Wazee watakufukuza.”

Basi akauinua mpira hadi juu, karibu kugusa ubao wa sinki kwa chini, akaufunga pale kwa waya, ndipo akauteremsha kwenye bomba. Benedeta akamwaga sufuria nyingine. Maji hayakupanda. Sister, mkuu wa shule yetu, alipouliza amejifunza wapi, akajibu, “Kwa wazee, Sister,” akainamia spana zake.

Sahani iliyofuata ilitoka safi hadi nikajiona uso. Tangu hapo nikipita jikoni huinama kuuangalia ule mpira ulivyopinda.

Asante, Mzee. Nenda nyumbani Busia kwa amani: huku nyuma hakuna kinachotapika. Upumzike vizuri, na mrija wako ukae juu.