Aliyembeba Bujiku

Kijiwe cha Nyasubi, pale Kahama, kiko barazani kwa Hozefa, muuza misumari, kamba na vyombo vya wachimbaji. Kabla ya mvua zile za mwaka tisini na saba, benchi lake lilibeba watu saba waliobanana, na vikombe vinne vya Eliya muuza kahawa vilizunguka mdomo hadi mdomo bila mtu kuuliza. Kisha kikaingia kipindupindu. Gari la matangazo likapita na kipaza sauti: marufuku kushikana mikono, marufuku matanga, marufuku vyakula vya barabarani. Kahawa ikaponea chupuchupu kwa kuwa inachemka. Ndani ya wiki moja Hozefa akachora mistari ya chaki kwenye benchi, kila mtu na kipande chake, na kila mtu akaja na chombo chake. Eustace, aitwaye Redio kwa sababu habari hailali mdomoni mwake, alikuja na kopo la majarini. Mzee Ignas, aitwaye Methali, alikuja na kikombe cha plastiki cha mjukuu wake, chenye picha ya bata. Bartholomeo, mchimbaji, alikuja na bakuli, na leo alikaa kwenye kona yake, mbali na wengine. Alikuwa na sababu. Juzi alfajiri alimbeba mwenzake Bujiku mgongoni, akatapikiwa hadi kwenye kola, akamfikisha kwenye ghala la pamba lililogeuzwa kambi ya wagonjwa. Hakumwambia mtu. Angesema, pale kijiweni asingepewa hata nafasi ya kusimama.

— Mwangaluka, Redio aliwasalimu kwa Kisukuma akipunga mkono kama anayefukuza nzi.

— Mwangaluka, aliitikia Methali. — Kaa kwenye chaki yako.

— Mimi nawaambia, ugonjwa huu haukutoka chooni. Umetoka chini! Wazungu wa utafiti wametoboa ardhi mpaka wakafikia hewa ya zamani, hewa ya enzi za Nuhu. Hewa ikavuta mvua, mvua ikavuta ugonjwa.

— Na wachimbaji wetu wanaoshuka kila siku, mbona hawajaitoa? aliuliza Hozefa kutoka ndani, nyuma ya kamba aliyofunga mlangoni.

— Hao wanakwangua tu. Futi mia nayo ni kitu?

Siku nyingine Bartholomeo angewaka. Leo alipuliza kahawa yake tu.

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Methali kama hakimu. — Wahenga waliliona hili kitambo. Shika mkono wenye sabuni, basi.

— Mzee, hiyo inahusu mtu asiye na kitu, Redio alipinga.

— Kwani sabuni si kitu?

Eliya alicheka, halafu akafunika birika haraka, mate yasije yakarukia.

— Nyumbani kwangu hatulitaji jina lake, alisema Hozefa. — Ukiliita, linaitika. Tunasema "yule mgeni". Siku ya nne leo, hajabisha hodi.

— Kweli kabisa! Redio alidakia. — Jirani yangu alilitaja mchana akimwonya mkewe. Jioni mwenyewe akawa mbio chooni, mbio chooni.

— Haraka haraka haina baraka, Methali alisikitika.

— Lakini hatari kuliko zote, Redio akashusha sauti, — ni kumbeba mgonjwa. Nimeambiwa na dereva wa lori, katoka Ibadakuli jana. Ukimbeba, ugonjwa unahama. Unaingilia mgongoni, unatembea mfupa kwa mfupa, siku ya tatu unafika tumboni. Siku ya tatu huamki.

Bartholomeo akahesabu. Juzi, jana, leo. Mgongo ukaanza kumwasha, akauzuia mkono wake kwa nguvu usijikune. Shati alilichoma moto, na maji ya dawa aliyaoga hadi ngozi ikababuka. Alijua kabisa kwamba Redio ni mwongo, tena mwongo wa miaka mingi. Hata hivyo aliogopa, aliogopa vibaya.

— Mbona unasogea nje ya chaki, Bartholomeo? Methali aliuliza.

— Jua linanipiga.

— Jua? Na mawingu yote haya?

Hozefa alichungulia juu ya kamba yake.

— Mimi nasema, aliyembeba mgonjwa asikanyage baraza langu. Hata awe ndugu yangu wa tumbo moja.

— Sawa kabisa, alisema Bartholomeo, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Hapo ndipo alipotokea Limi, mke wa Bujiku. Alisimama mbali, ng'ambo ya mtaro, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu, aliitikia Methali, akimwita mama kwa Kisukuma. — Bujiku anaendeleaje?

— Amekufa. Saa kumi na moja alfajiri.

Eliya aliinamisha birika bila kujua, kahawa ikamwagika chini. Bujiku! Wiki iliyopita alikuwa hapa hapa, anabishia bei ya kamba. Miaka sita yeye ndiye aliyeshuka shimoni, na Bartholomeo ndiye aliyebaki juu ameshika kamba.

— Mabwana afya watamzika wenyewe, Limi aliendelea. — Wamemfunga kwenye nailoni, kumwosha hairuhusiwi, hata kumwona. Ila kaburi wanasema lichimbwe na watu wake. Saa kumi jioni wakikuta halipo, watamtia kwenye shimo la pamoja nyuma ya ghala. Ndugu zake wako ng'ambo ya Masumbwe, na barabara imekatika.

— Tungekuja, shemeji, alisema Redio akiangalia ndani ya kopo lake. — Lakini serikali imekataza mikusanyiko.

— Wawili wanatosha.

Limi alimtazama kila mmoja kwa zamu. Alipomfikia Bartholomeo macho yalituama kidogo, kisha yakapita. Limi ndiye aliyemfunga mumewe kwa kitenge mgongoni kwa Bartholomeo, alfajiri ile. Na hakusema. Alikuwa anamfichia siri yake, na hilo lilimuuma Bartholomeo kuliko kama angemtaja kwa jina.

— Basi niazimeni sululu na sepeto.

Vya Bartholomeo vilikuwa vimeegeshwa ukutani, vimekwisha kutiwa mipini mipya. Aliinuka. Wote wakamwangalia mikono. Akaviangusha sakafuni, akavisukuma kwa mguu hadi ukingoni mwa baraza, akarudi nyuma hatua tatu. Limi alivuka mtaro, akaviokota.

— Asante, shemeji. Nitaviosha kwa dawa kabla ya kuvirudisha.

— Ngoja, mayu! Methali alisimama, kikombe cha bata mkononi. Safari hii hakuwa na methali. — Mwanamke hachimbi kaburi! Tangu tuzaliwe hatujaona. Ni mwiko!

Limi aligeuka. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu.

— Sawa, baba. Nani anachimba?

Wanaume waliojua hewa ya Nuhu imetokea wapi hawakuwa na jina moja la kutaja. Hozefa aliingia ndani kabisa. Redio, mara ya kwanza tangu apewe jina hilo, alizimika. Bartholomeo jina alikuwa nalo, lilikuwa lake mwenyewe, na lilimfikia hadi kwenye meno likakwama hapo. Limi alingoja. Alingoja muda wa kutosha mtu yeyote kusema neno moja. Kisha akatia sululu begani, akashika njia ya makaburini.