Kaburi la Ungo

Haya ndiyo waliyokubaliana mashahidi wote: kwamba ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye benchi lililo ubavuni mwa duka la spea la Chetan, hapa njia panda ya Mkiwa, kwamba Mzee Antipasi alikuwa amerejea juzi kutoka Unguja, alikokwenda na kwaya ya parokia, kwamba huko walitembezwa katika nyumba ya kale ya shamba la karafuu, ambayo sasa ni makumbusho, na kwamba mbele ya picha moja mzee aliketi sakafuni akakataa kuinuka, hata kwaya ikaenda kula bila yeye. Zaidi ya hapo kila mtu ana lake. Benson, ambaye kijiwe kinamwita Wakili kwa kuwa alisoma sheria hadi shahada ingawa hakuwahi kuapishwa, alikuwa na desturi ya kulipima kila neno kabla ya kulimeza, na siku hiyo alipewa mengi ya kupima.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Wakili, umekuja na kalamu?

— Ninayo. Lakini nieleze kwanza. Kalamu haitangulii ushahidi.

Amne, mwenye birika, akammiminia mzee kikombe. Mzee hakukigusa.

— Ghorofani kuna vitanda vya kupandia ngazi, alisema. Kuna vioo vikubwa kuliko mlango wa kanisa letu. Chini, palipokuwa ghala, kuna picha ya wanawake wakichambua karafuu mkekani. Pameandikwa: Wafanyakazi wa shamba. Majina hakuna. Wa mbele ameshika ungo, na ungo ule ni wa kwetu.

— Wa kwenu kivipi? aliuliza Wakili.

— Kwetu ungo hushonwa uzi mweusi ukingoni, mzunguko mzima, ila huachwa nafasi ya kidole kimoja. Tunaiita mlango. Njaa ipate pa kutokea. Bibi alimfundisha mama, mama akawafundisha dada zangu. Sijauona kwa mtu mwingine tangu nizaliwe.

Wakili alijua mzee anaelekea wapi. Katika ukoo ule, mtu aliyepotea bila mwili kuonekana huzikiwa chombo alichokuwa akikifanyia kazi. Nyuma ya nyumba ya Antipasi lipo kaburi la ungo. Dada wa babu yake, binti wa miaka kumi na minne, alikwenda porini kuchuma mboga mwaka wa njaa kubwa, simba akamchukua. Jumamosi hii ukoo utakutana kulijengea kaburi hilo kwa saruji, na fundi anasubiri maneno ya kuchora. Ndugu wanataka: Aliuawa na simba. Antipasi anataka: Alifia Unguja. Alikuwa amemwomba Wakili amwandikie maelezo ya kuwashawishi.

— Unaelewa, mwanangu? Hakuliwa. Aliishi. Alizeeka, labda.

— Taratibu, mzee. Ukingo wa ungo haukuwa umekatika tu?

— Uzi uliokatika huning'inia. Ule umefungwa fundo huku na fundo huku. Nilisogea mpaka msimamizi akanifokea.

Wakili akaandika: mafundo mawili. Si uthibitisho, aliwaza, lakini si jambo la kupuuza.

Chetan, ambaye kijiwe humwita Spea kama duka lake, akatoka na kitambaa chenye grisi.

— Mzee, mimi mtoto wa dukani, nisamehe. Kitu husafiri bila mwenyewe. Humu nina chujio la lori kutoka Japani. Mimi ni Mjapani?

— Wewe hata Manyoni hujafika, alisema Amne.

— Nimefika mara mbili. Nasema ungo uliuzwa, ukauzwa tena, ukafika pwani. Yule mama alinunua.

— Ungo haununuliwi ukiwa na mlango, alisema mzee. Mlango hushonwa na mwenye ungo. Wake wa kwanza tuliuzika; huu aliushona hukohuko.

Hapo Yohana wa bodaboda, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi, akashuka kwenye pikipiki yake.

— Oya, nyie wote mnapotea. Simba alikuwepo, ila hakuwa simba. Mbojo huyo. Simba-mtu. Alivaa ngozi, akamchukua binti mzimamzima. Si mnajua, simba mwenda pole ndiye mla nyama? Yule alikwenda pole mpaka Bagamoyo.

— Methali hiyo umeitoa kwao ukaitupa ugenini, alisema Amne.

— Sikia basi. Wenye misafara ya watumwa walikuwa wanawalipa hao mbojo. Ukisikia mwanao kachukuliwa na simba, utafuata nyayo? Hufuati. Unalia, unazika ungo. Kwa hiyo simba wote wa mwaka ule walikuwa watu. Simba wenyewe walishahamia Serengeti, na wao walikuwa na njaa.

Spea alicheka kidogo, akaacha alipoona mzee hacheki. Wakili hakuamini hata robo yake, lakini alikiri moyoni kwamba nadharia ya kipuuzi kuliko zote ndiyo ya kwanza iliyoeleza kitu: kwa nini hakuna aliyefuata nyayo.

— Mzee, nani alimwona simba?

— Babu yangu, kaka wa huyo binti. Walikwenda wawili, akarudi yeye, na ungo mkononi.

— Peke yake?

— Peke yake. Hapo usimguse babu, Wakili. Yule alikuwa mwanamume. Mwaka ule kila kaya ilizika watu wa njaa. Kwetu hawakuzika hata mmoja. Mpaka leo tukikutana tunauimba wimbo wake.

Kando ya benchi alikuwepo mama mmoja, msafiri, amekalia gunia lake la vitunguu akisubiri basi la Itigi. Tangu afike alikuwa ametoa salamu tu.

— Samahani, baba, alisema. Mimi mpita njia. Mwaka huo, nyumbani kwenu walikula nini?

Spea alikunja kitambaa chake mara nne.

— Mtama, alisema mzee.

Kwa utaratibu wa mahojiano, swali linalofuata lilijulikana: mtama kutoka wapi, na mvua haikunyesha? Wakili alikuwa nalo ulimini. Alijua, kama anavyojua kila mtu mzima wa pande hizi ingawa jambo hilo halina wimbo, kwamba miaka ya namna ile wenye misafara ndio waliokuwa na nafaka, na kwamba zipo kaya zilizotoa mtoto zikapokea magunia. Kwa mara ya kwanza tangu aitwe Wakili, hakutaka kuuliza.

Mzee alikitazama kikombe.

— Babu hakuwa anakula ugali wa mtama, alisema hatimaye. Hata wa harusi. Sisi tulidhani ni tumbo.

Basi la Itigi likafika, utingo akapakia gunia la vitunguu, na yule mama akaaga kwa heshima, bila kujua alichokiacha nyuma.

— Mzee, nikuandikie nini? aliuliza Wakili kwa sauti ya chini.

— Ulisema kalamu haitangulii ushahidi.

— Nilisema.

— Sasa ushahidi umetangulia. Naona wewe ndiye uliyebaki nyuma.

Hadi mzee anainuka, karatasi ilikuwa na maneno mawili tu: mafundo mawili.

Basi nawe uliyesikiliza, umeyasikia yote kama kijiwe kilivyoyasikia. Picha haina jina. Simba ana shahidi mmoja, na shahidi huyo ni marehemu asiyeweza kuulizwa wala kujitetea. Binti naye hakupata kuulizwa. Jumamosi saa tatu fundi atapiga magoti mbele ya saruji mbichi, ukoo mzima nyuma yake, na atamgeukia Antipasi apewe maneno. Pima mwenyewe, kisha useme: achore nini?