Kumuaga Pimamaji na Magoti Yake

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, fundi mkuu wa vigae wa kampuni yetu anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachokabidhiwa, lakini ukilitaja kwenye jengo hakuna atakayegeuka, pengine hata yeye mwenyewe. Sisi tunamwita Pimamaji. Mimi ni mtunza stoo, nimempa mwiko asubuhi na kuupokea jioni kwa miaka kumi na tisa, na kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu eti nina mwandiko mzuri. Wangejua nitakayoandika, wangemtafuta mwingine.

Alianza akiwa kibarua wa kuchanganya saruji. Mwaka wake wa pili fundi wake aliugua ghafla, sakafu ya ukumbi ikabaki nusu, na kibarua akaimalizia bila kuagizwa na mtu. Msimamizi alipokuja alizunguka ukumbi mara mbili, akashindwa kuonyesha fundi aliishia wapi na kibarua alianzia wapi. Tangu siku hiyo hakushika tena koleo. Ametandika sakafu za hospitali mbili, za shule tusizokumbuka idadi, na za jengo la ghorofa kumi na moja ambalo wasafishaji wake wanalalamika kwamba maji yakimwagika hayajui yaelekee wapi.

Jina hilo la kifaa cha kupimia usawa alilipata kwa sababu ya kiganja chake. Alikuwa akifumba macho na kupitisha kiganja juu ya kazi, na kigae kilichoinuka kwa unene wa unywele alikitambua na kuking'oa, hata kama wengine tulishaanza kunawa. Siku ya harusi ya binti yake mkubwa, wakati wa kupiga picha, baba mzazi hakuonekana. Walimkuta kwenye kona ya ukumbi, ndani ya suti mpya, amechuchumaa anapapasa sakafu ya watu. Picha ile ipo, na mkewe hajamsamehe hadi leo.

Kuchuchumaa ndiko kulikokuwa kukaa kwake. Saa nane kwa siku alichuchumaa, akipumzika alipiga magoti, akichoka magoti alirudi kuchuchumaa, na kama ilivyo kwa mafundi wote wa vigae, alikwenda kinyumenyume mpaka mlangoni. Pedi za magoti zilipoletwa alizivaa siku moja akazirudisha stoo, akidai zinamnyima kuisikia sakafu. Badala yake alifunga vipande viwili vya godoro kuukuu kwa mpira wa baiskeli. Kikosi kizima kikamwiga. Kwetu, fundi anayefanya kazi amesimama hakuwa fundi, alikuwa mpita njia. Ile meza ya kukatia vigae, ambayo mtu huifanyia kazi akiwa wima, tuliwaachia wageni na waliomkosea msimamizi.

Miguu yake ilianza kupinda polepole. Kufikia mwaka wa ishirini alikuwa na matege ambayo hakuzaliwa nayo, na sisi kwa utani wetu tukasema ndoo ya saruji inapita katikati ya magoti yake bila kumwagika. Alicheka pamoja nasi. Asubuhi alishika ukuta kwanza, akasubiri miguu ikubali, ndipo akaanza kutembea. Kwenye ngazi alishuka ubavu ubavu. Tuliyaona yote haya, wala hakuna aliyejifanya haoni.

Miaka sita iliyopita kampuni ilianza kumleta muuguzi wa afya kazini mara moja kwa mwaka. Kipimo chake cha miguu kilikuwa rahisi: unaketi kwenye kiti cha ofisi yetu ya jengoni, unakunja mikono kifuani, unasimama na kuketi mara tano bila kushika kitu. Tangazo lilisema atakayeshindwa ataondolewa sakafuni, apelekwe kwa mtaalamu wa viungo, afanye kazi kwenye meza ya kukatia vigae mpaka miguu ipate nafuu. Sisi tulisoma mpaka "ataondolewa sakafuni" tukakunja karatasi. Mwaka ule wa kwanza Pimamaji alifaulu kwa taabu. Mara ya tano alinyanyuka akiwa ameuma mdomo, jasho linamtoka, na jioni ile hakuna aliyetania.

Mwaka uliofuata, siku moja kabla ya muuguzi kuja, kikosi kilinijia stoo. Nikatoa vipande vinne vya kigae na gundi. Wakavikata sawasawa na miguu ya kiti, wakavigandisha chini ya kila mguu, wakapaka rangi. Mwaka wa tatu wakaongeza safu nyingine, na mwaka wa nne, na wa tano, hadi kila mguu wa kiti ukawa juu ya vigae vinne. Kiti kikirefuka, magoti hayana kazi kubwa. Ile ndiyo kazi safi kuliko zote zilizowahi kutoka stoo yangu, maana ilibidi hata Pimamaji asiigundue. Kiti kilikuwa sawa pande zote, na kitu kilicho sawa hakikumshtua kamwe.

Naam, hakujua. Hilo naomba lieleweke vizuri kwa familia yake iliyopo hapa. Tuliogopa akiambiwa atakataa, na akiondolewa tutabaki bila mwalimu. Kwa hiyo kila mwaka alipewa karatasi iliyoandikwa kuwa miguu yake inafanya kazi vizuri, na kwa kuwa kikosi chote kilipimwa kwenye kiti hichohicho, sote tulionekana tumepata nafuu. Ofisi ikaona hakuna haja ya meza zaidi za kukatia vigae, wala zamu za kupumzisha magoti zilizokuwa zimependekezwa. Muuguzi alitupongeza. Tulimpigia makofi.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Shemeji yetu, mkewe, ndiye aliyekuwa akimvuta mkono kutoka kitandani. Alimsihi aende hospitali, na kila mara fundi alimwonyesha ile karatasi. Shemeji ameniruhusu niandike jibu lake: "Hiyo karatasi ndiyo itakayokuinua chooni?" Maana nyumba yao, waliyoijenga wenyewe kwa miaka kumi na sita, ina ngazi tano mbele na choo cha kuchuchumaa nyuma. Sakafu yake ni ya Pimamaji mwenyewe, na hakuna iliyo nzuri kama hiyo katika zote alizotandika. Humo ndimo walimopanga kuzeekea.

Mwaka jana muuguzi alikuja na kigoda chake mwenyewe. Pimamaji aliketi, akakunja mikono, akajaribu kusimama. Hakusimama. Akajaribu tena, akitutazama kana kwamba mmoja wetu ameficha kitu, na kweli tulikuwa tumeficha. Mara ya tatu aliegemea mbele akaanguka kwa mikono, na alibaki hapo sakafuni kwa muda, kwa sababu hata kuamka kutoka pale hakuweza. Muuguzi na mimi tulimwinua. Kisha muuguzi akakipindua kiti chetu cha zamani, akatazama chini yake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa nani aliyetandika hivi vigae. Pimamaji alikiomba kile kiti, akapitisha kiganja kwenye zile safu nne, akakirudisha.

Mtaalamu wa viungo alisema magegedu ya magoti yote mawili, yale yanayozuia mifupa isisuguane, yamelika upande wa ndani. Alisema miaka minne mapema mazoezi ya mapaja, pedi na kazi ya kusimama kwa zamu vingeyatunza. Sasa vitapunguza maumivu tu. Tulijitolea kwenda kubadilisha choo na kuvunja zile ngazi. Alikataa. Mwezi ujao wanahamia kwa binti yao mkubwa, kwenye chumba cha chini, na nyumba wataifunga.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mkewe akitutengea chai. Hakunifukuza wala hakunisamehe. Alisema, "Mngeniambia tu, mdogo wangu. Mimi nimewaambia wangapi kwamba kazi yao imepinda?" Kisha akataka kujua kama meza mpya zimekuja. Nilimjibu kwamba zimekuja tatu, na sasa tunazifanyia kazi kwa zamu, wazee kwanza. Akasema hilo liandikwe, na hili la kiti pia liandikwe, lisomwe mbele ya watu, la sivyo haji kwenye sherehe.

Kwa hiyo limeandikwa. Tunakushukuru, kaka, kwa sakafu zote tunazotembea juu yake bila kuwaza, na kwa kila kigae ulichoking'oa ukatufundisha kukirudia bila kututukana. Tunamshukuru shemeji, aliyesema kweli wakati sisi tunapaka rangi. Na lile tulilopaswa kukuambia miaka mitano iliyopita, pale ofisini, ukiwa bado unaweza kutukasirikia na kwenda kutibiwa, tunakuambia leo mbele ya wanao: Pimamaji, miguu yako imepinda, ni mibovu, na sisi tuliona kabla yako tukanyamaza. Tuwie radhi. Mungu akupe siku za kuketi bila maumivu, na watu wa kukuambia ukweli.