Kiprugut na Jino Zima la Chelagat

Waombolezaji, anayesoma ni mjomba, lakini maneno ni ya Jepkosgei, nyanya wa marehemu, aliyesukumiwa kazi hii kana kwamba wajukuu waliosoma wamekatwa mikono, naye shule aliiacha darasa la pili.

Nicodemus Kiprugut alizaliwa Kuresoi tarehe 4 Machi 1931, akasoma huko hadi darasa la sita, na Januari 1953 akaanza kufundishwa kazi ya meno hospitalini Nakuru, pamoja na Kipsang, mtoto wa baba yake mdogo. Watu hudhani mwanafunzi wa kazi ile hufurahishwa na koti jeupe, la, furaha yake ni daktari anayemfundisha kumkabidhi koleo na kusimama kando kimya, na Kiprugut alikabidhiwa mapema, huku Kipsang akibaki kushika taa na vichwa vya wagonjwa, wivu ukimtafuna kama mchwa, akimwita mwenzake Mkwe wa Daktari mpaka wapishi wa hospitali nao wakaiga.

Pale mshika taa ndiye anayepaka jino bovu dawa ya zambarau, na mwenye koleo hung'oa lililopakwa, basi tarehe 11 Juni 1954 mama mmoja wa Molo, Chelagat, akamwonyesha Kipsang jino kwa kidole, Kipsang akaitikia ndiyo mama, nimeliona, kisha akapaka la jirani, lililo zima. Kiprugut aling'oa lililopakwa, lawama ikamwangukia yeye, akanyang'anywa koleo, Kipsang akapewa, na mwaka mzima marehemu akaosha mabakuli ya damu, Kipsang akimwuliza kila asubuhi kama maji ni ya moto vya kutosha.

Nyanya alikutana na Chelagat sokoni Molo, akasikia habari ya kile kidole, akamburuta hadi Nakuru, akamwambia daktari kwamba miwani yake yote imeshindwa kuona alichoona mama mwenye shavu lililovimba. Koleo likarudi kwa mwenyewe, Kipsang akafukuzwa.

Marehemu alimwoa Jepchumba tarehe 18 Agosti 1956, wakapata watoto wawili, akaugua homa ya mapafu Aprili 1959, akafariki tarehe 9 Mei.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliopika na wenzake wa kazi, hata wale wapishi. Pumzika, Kiprugut, mkono wako umefanya kazi safi, wala usimwekee Kipsang kinyongo, kwa maana wazee walimtoza mtamba wake wa mahari, Chelagat akapewa awe fidia ya jino, na msichana aliyekuwa amemchumbia hakungoja, akaolewa huko Sachangwan, na Kipsang mpaka leo anajipikia ugali.