Sufian Vuai na Kandambili ya Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimi ni Vaileth, na leo tunamkumbuka Sufian Vuai. Sufian Vuai wa Riverdale Park, fundi wa lifti, mzaliwa wa Chake Chake, Pemba. Alifariki mwezi wa Machi mwaka huu wa 2009, kwa maradhi ya moyo. Wiki iliyopita familia ilisoma hitima ya arobaini. Wenzangu hapa studio wameniuliza kama nitaweza kusimulia bila kulia. Nitaweza. Shida yangu itakuwa kucheka.

Sufian alikuja Marekani mwaka 1995. Alimwacha nyumbani mkewe, Bi Mize, na binti yao Nahla, mtoto wa miaka mitatu. Makaratasi yakachelewa, yakachelewa tena. Mama na binti walifika mwaka 2004, na Nahla alikuwa na miaka kumi na miwili. Miaka kumi na miwili, wasikilizaji. Baba kwake alikuwa sauti ya kwenye simu.

Bi Mize anasema: "Nyumba moja, lakini wakisalimiana kama wapangaji. Nahla hamwiti baba. Ananiuliza mimi, 'Yeye kesharudi kazini?' Yeye! Na Sufian anasikia, anajifanya anatafuta rimoti."

Hilo ndilo lililomuuma Sufian. Alitaka binti yake amwite baba, na hakutaka kumwomba.

Basi mwenzake mmoja kazini akamwonyesha mchezo wa visanduku. Mtu anaficha kisanduku porini, anaandika kwenye mtandao kipo wapi, na wengine wanakitafuta kwa kifaa cha setilaiti. Ukikipata, unachukua kitu kilichomo na kuacha kitu chako. Ndiyo sheria: chukua kitu, acha kitu. Na vingine vimefichwa kando ya Mto Anacostia, ambako hufiki ila kwa mtumbwi. Sufian akanunua kayaki kuukuu ya watu wawili, rangi ya chungwa iliyopauka. Mimi pia alinialika. Mimi mtu wa Mbeya, maji niliyozoea ni ya kwenye ndoo. Nilibaki nchi kavu na chupa ya chai.

Sasa sikilizeni kosa lake. Mto ule una kupwa na kujaa, kwa sababu bahari inausukuma kutoka mbali. Na Sufian, mtoto wa Pemba, kwa habari ya maji haulizi mtu. Anaangalia mwezi tu. Mwezi kumi na tano, yaani mwezi mpevu, ni bamvua, maji makubwa, na Pemba siku hiyo maji hujaa alasiri. Kwa hiyo Jumamosi moja ya kiangazi, mwaka 2005, mwezi kumi na tano, akamchukua Nahla baada ya adhuhuri. Wakaingia kwenye kijito chembamba kati ya matete, wakifuata kisanduku. Sufian akatulia kungoja maji yaje.

Maji yakaondoka.

Yakaondoka yote, wasikilizaji! Huku maji hupanda na kushuka kwa saa zake, si za Pemba. Kayaki ikakaa juu ya tope kama sahani mezani. Nahla ananiambia: "Nilikuwa so angry, Auntie. Nikashuka kusukuma. Tope likafika magotini, likala kandambili yangu."

Ilikuwa kandambili ya buluu, aliyonunuliwa na bibi yake siku ya kuondoka Pemba. Bibi aliyemlea. Nahla akalia. Tangu afike Marekani hakuwa amelia mbele ya mtu.

Sufian akashuka, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kupapasa. Alipapasa mpaka tope likamfika masikioni. Kandambili haikuonekana, na yeye hakuacha. Anazunguka na kunung'unika: "Maji ya huku hayana adabu, wallahi, hayana adabu." Nahla akamtazama, machozi yakamgeuka kicheko. Akasema: "Baba, basi. Njoo ukae."

Baba. Sufian alinihadithia mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia. Walikaa kwenye kayaki wakala mkate wa kumimina kwa mikono ya tope mpaka jioni, maji yaliporudi. "Siku nzuri kuliko zote, Vaileth," alikuwa akisema, "na kisanduku chenyewe hatukukipata."

Tangu hapo kila Jumamosi walikuwa mtoni. Nahla ndiye aliyeangalia jedwali la maji, maana baba alinyang'anywa cheo hicho.

Mwaka jana mwishoni Sufian alificha kisanduku chake mwenyewe, kwenye kijito kilekile. Akamwambia Nahla: "Hiki usikikimbilie. Tutakwenda pamoja jua likipata moto." Hawakuwahi kwenda.

Jumamosi iliyopita Nahla alikwenda peke yake. Bi Mize nami tulimngoja gatini Bladensburg. Alirudi akipiga kasia polepole, na mkononi ameshika kandambili ya buluu aliyoikuta kisandukuni. Moja. Imekakamaa, ila imeoshwa vizuri. Baba yake alikuwa amerudi kuitafuta, lini hatujui, na hakumwambia mtu.

Halafu Nahla akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nyingine ninayo. Iko chini ya kitanda." Miaka yote hiyo, na yeye hakumwambia mtu.

Bi Mize akafuta macho na kanga. "Basi unangoja nini? Maji yanatoka!" Tukakimbia nyumbani Riverdale Park, tukaichukua ya pili, tukarudi mbio, mimi ndiye dereva, na polisi wanisamehe. Nahla akayawahi maji. Zote mbili zimo kisandukuni sasa.

Bi Mize, Nahla, poleni sana. Mola amlaze Sufian mahali pema peponi. Nanyi wasikilizaji mlio na mtu ndani ya nyumba mnayesalimiana naye kama mpangaji, mtafutieni safari, hata ya kukwama.

Na wewe mwenye kayaki, ukikifikia kisanduku cha Sufian, sheria unaijua: chukua kitu, acha kitu. Ila kandambili hizo, tafadhali, ukichukua, chukua zote mbili.